Maikrowevu ya Bibi Harusi

Kituoni, 4 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Pokea salamu kutoka kwenye moyo uliojaa mpaka unamwagika. Sisi huku kwetu wazima kabisa. Nikiandika "kwetu" natabasamu peke yangu kama mwehu, maana kwetu sasa ni mimi na yeye basi. Mpe baba pole ya goti, mwambie nimefika salama na sijalia hata kidogo. (Nililia kidogo.)

Shangazi, nimeolewa! Najua ulikuwepo, gauni ulilishona wewe mwenyewe. Lakini kila asubuhi nikiona viatu vyake vikubwa vimekaa ubavuni mwa vyangu, nashangaa upya kama habari mpya. Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko, ipo katikati ya safu ya nyumba za wafanyakazi, na nimeweka pazia la njano. Ukifungua mlango unayaona madishi. Makubwa, meupe, kila moja kama ukumbi uliogeuzwa juu chini, na yote hugeuka pamoja polepole, kama watu wanaomsikiliza mgeni anayeongea kwa sauti ya chini. Kazi ya mume wangu ni kusikiliza angani. Nimeolewa na msikilizaji, Shangazi! Ni wanawake wangapi wanaweza kusema hivyo?

Madishi hayataki kelele. Simu zote zinaachwa getini. Gari la petroli haliingii, la dizeli tu, kwa sababu plagi za petroli zinatoa cheche na cheche inasikika. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Barua zinakuja na kuondoka na lori la maji. Usinionee huruma. Ukitaka kujua mapenzi, ishi na mwanaume mahali pasipo na simu. Hana pa kuangalia ila usoni kwako.

Na maikrowevu yako! Zawadi zote zilipendeza, lakini yako ndiyo malkia. Tunaitumia kila siku. Asante, asante, asante.

Mwanao aliyelewa bila kunywa.


Mjini, 20 Februari

Bibi harusi wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wateja, nikaruka palipostahili kurukwa. Baba yako anakusalimu. Goti bado linamsumbua, na ulimi haumsumbui hata kidogo. Mimi niko na cherehani zangu. Nina magauni manne ya harusi ukutani na mama mmoja anayetaka la bintiye lipunguzwe kiuno, wakati tunajua sote kwamba kiuno hicho kina siri na siri hiyo inakua.

Nimefurahi maikrowevu imekufaa. Nilizunguka maduka mpaka visigino vikapasuka. Muuzaji akaniambia, "Mama, chukua hii ndogo." Nikamwambia, "Mwana wa kaka yangu haolewi kidogo."

Ila nieleze jambo moja. Kama simu inaachwa getini na gari la petroli linakatazwa, maikrowevu imeruhusiwaje? Mimi si mtaalamu, lakini yangu ikiwaka redio hapa dukani inakoroma. Usije ukapata matatizo kwa ajili yangu.

Shangazi yako, mwenye sindano mdomoni.


Kituoni, 11 Machi

Shangazi mpendwa,

Salamu kwako na kwa magauni yote ukutani, hasa lile la kiuno. Huku afya njema, mvua kidogo, pazia langu limesifiwa na majirani wawili.

Kuhusu maikrowevu usiwe na wasiwasi hata chembe. Ipo jikoni, juu ya kabati, naipangusa kila asubuhi. Jana tu nimepasha chakula cha mume wangu alipochelewa. Hakuna aliyesema neno.

Shangazi, kuna jambo jingine. Nimekatazwa kulisema, basi silisemi. Nitasema tu kwamba mume wangu aliingia nyumbani mchana kweupe, saa za kazi, akaniinua mpaka kichwa changu kikagonga fremu ya mlango, akanishusha, akakaa sakafuni akacheka. Nilidhani amepandishwa cheo. Si cheo. Tangu siku ile yanakuja magari ya dizeli yenye vioo vyeusi, na Mkurugenzi, ambaye zamani alikuwa hata hatusalimii, sasa anawajua wafanyakazi wote kwa sura. Barua zetu pia tumeambiwa tuzipeleke ofisini zikiwa wazi, katibu ndiye anayefunga bahasha. Kwa hiyo salamu kwako pia, Mama Katibu!

Nina furaha, Shangazi. Nimeolewa na mtu aliyesikia kitu.

Mwanao.


Mjini, 15 Aprili

Mwanangu,

Salamu zitakuwa fupi. Baba yako mzima. Mimi mzima wa mwili.

Jana nilikuwa namvalisha mteja, redio inaongea. Wakasema uvumi umezagaa nchi za nje kwamba kituo chenu kimenasa mawimbi kutoka angani, yametumwa na viumbe wenye akili. Nikaacha pini. Kisha wakamweka Mkurugenzi wenu. Ana sauti nzuri, kama mtu anayekuuzia kiwanja kisicho chake. Akasema hakuna kitu. Akasema mawimbi yale yalitoka kwenye maikrowevu ya bibi harusi mmoja, mke wa mfanyakazi, aliyeiingiza kituoni kinyume cha sheria, "kwa kutojua, masikini," na kwamba bibi huyo mwenyewe amekiri kwa maandishi kuwa ipo jikoni kwake na anaitumia. Mtangazaji akacheka. Mteja wangu akacheka. Akasema, "Huyo bibi harusi kapika, ulimwengu mzima ukasikia!" Nilimchoma pini. Bahati mbaya tu.

Mwanangu, ni wewe? Ulikiri lini na kwa nani? Na hiyo ni maikrowevu yangu, niliyopasukia visigino, leo inatajwa redioni kama mwizi? Nijibu. Usiniandikie habari za pazia.

Shangazi yako.


Kituoni, 9 Mei

Shangazi,

Barua hii haipiti kwa katibu. Dereva wa lori la maji ataificha kwenye soksi, kwa hiyo nisamehe harufu.

Baba nimsalimie, nawe nikusalimie kwa magoti. Nina mambo mawili. La kwanza litakuumiza.

Maikrowevu yako haijawahi kufika huku. Dereva alitukatalia kuipakia. Alisema hata kwenye boksi haipiti getini. Tukaiacha mjini kwa wifi yangu, saluni kwake, ikae tu mpaka tupate likizo. Sikuweza kukuambia. Ningekuambiaje? Ulivyoibeba ukumbini mikononi mwako, hukukubali mtu akusaidie! Nikaona nikuandikie kwamba tunaitumia, ufurahi, yaishe. Ulipouliza, nikanogesha, nikaipangusa na kuipangusa mpaka mwenyewe nikaiona juu ya kabati. Barua ile ya Machi ndiyo waliyoisoma. Hayo ndiyo "maandishi" yangu, Shangazi. Ni asante yangu kwako.

La pili ni kwamba mlio ni wa kweli. Mume wangu ndiye aliyeusikia kwanza. Unatoka mahali pamoja angani, unafuata nyota zikisogea, unapiga, unaacha, unapiga, kwa mpangilio ambao hakuna jiwe wala nyota inayoweza kuupanga. Kuna mtu kule, Shangazi. Na Mkurugenzi na wale wenye vioo vyeusi wameamua kwamba wao tu ndio wanaostahili kujua.

Na mimi ndiye wamenitumia kufunika. Hapa kituoni sina jina tena. Naitwa Mama Pasha. Nikienda bombani jirani anauliza, "Mama Pasha, leo umepasha nini, mbona nyota zinakohoa?" Wengine wanashika tumbo. Mwingine, ambaye mumewe alikatiwa likizo kwa sababu ya uchunguzi wa maikrowevu, alinimwagia maji miguuni na hakusema samahani. Juzi Mkurugenzi alinipita akasema, "Usijali binti, watu husahau." Mimi sisahau! Nataka siku moja asimame mbele ya watu wengi, sauti yake nzuri ikwame kooni kama mwiba, na mimi nimtazame. Sijawahi kumtakia mtu mabaya hivi. Naona raha, Shangazi, naona raha ile ile kama ya harusi.

Nenda kwa wifi. Ichukue. Ipeleke kwenye gazeti, waone bibi harusi alipasha wapi.

Mume wangu naye anaumia sana kwa ajili yangu. Hasemi kitu, lakini amekonda.

Mwanao mwenye uchungu.


Mjini, 21 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kwanza nilikuwa nimenuna. Sasa nimemaliza. Siku nyingine ukipewa kitu usichoweza kukibeba, sema. Shangazi si yai.

Nilikwenda saluni. Wifi yako alinikaribisha vizuri, mwanamke mchangamfu. Maikrowevu yangu ipo katikati ya mabeseni, inapasha taulo za wateja! Nikamwambia, "Mama, hiyo ni yangu." Akasema, "Hii ni ya wifi yangu, zawadi ya harusi." Nikamwambia, "Aliyemzawadia ndiye mimi. Imekaa hapa tangu lini?" Akasema, "Tangu wiki ya harusi, uliza mtaa mzima, wote nimewafunga taulo za moto." Nikamuuliza, basi hukusikia redioni? Akashika kiuno. "Nilisikia! Nikadhani wamenunua nyingine. Nikasema, hawa wanapenda kupasha."

Nimeichukua. Ipo dukani kwangu chini ya kitambaa cheupe, kama maiti anayesubiri ndugu.

Lakini sijaenda gazetini, na siendi mpaka unijibu. Nilimuuliza wifi yako nani alileta boksi. Akasema, "Kaka. Alilibeba mwenyewe begani, akaliweka pale, akasema nisiliguse." Kwa hiyo mumeo anajua. Alijua tangu siku ya kwanza Mkurugenzi alipofungua mdomo. Mtu mwenye ushahidi wa mkewe begani mwake, mbona amenyamaza? Unaniambia amekonda. Watu hukonda kwa mengi.

Muulize. Nikiliwasha hili gazetini, moto hauchagui nyumba. Nampa barua dereva wako. Nimemnunulia soksi mpya.

Shangazi yako.


Kituoni, 12 Julai

Shangazi,

Salamu kwa baba. Nimemuuliza.

Tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anaosha, mimi nafuta. Nikamwambia, "Shangazi ameiona maikrowevu saluni." Sahani ikatulia mkononi mwake.

"Wewe hukuwaambia wakubwa haipo hapa?" nikamuuliza.

"Sikuwaambia."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza. Nikasaini kwamba ipo."

Shangazi, nilifikiri wao ndio walioisoma barua yangu wakapata wazo. Waliisoma, ndiyo. Lakini walikuwa wanatafuta cha kusema, vichwa vinawauma, na aliyesema "tuseme ni maikrowevu ya mke wangu" alikuwa yeye. Mume wangu. Asali wangu. Msikilizaji.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Kwa sababu bibi harusi hakuna anayemuuliza maswali. Watu wanacheka, wanaenda zao." Kisha akaanza kunieleza, na alieleza vizuri, sitamdhulumu. Akasema ulimwengu ukijua, kila mwenye mtambo atajibu. Mmoja atasalimia, mmoja atatukana, mmoja atatisha, na kule watasikia jibu moja tu, la binadamu. Akasema wanahitaji muda, watu wachache, utulivu. Nikamuuliza, "Na nani kawachagua nyinyi mjibu, au mnyamaze, kwa niaba ya shangazi yangu?" Akasema hilo hawajalijadili.

Akasema alidhani nitaelewa. Akasema ni kicheko tu, kingepita.

Angeniomba, Shangazi! Hilo ndilo linaloniunguza. Angenishika mkono akaniambia, "Mke wangu, kuna siri, nisaidie kuibeba, watu watakucheka," ningeibeba hadi kaburini na ningejisikia malkia. Wangeniita Mama Pasha nami ningecheka nao. Lakini hakuniomba. Alinichukua akanifanya kifuniko cha chungu chao, halafu akarudi nyumbani akala chakula changu, akanifuta machozi kwa kidole gumba, akauliza nani kanikosea.

Nenda gazetini. Usimwonee huruma kwa ajili yangu, wala usinipe muda wa kubadili mawazo. Nampenda, hilo usiniulize. Ndiyo maana nataka imuume.

Mwanao.


Mjini, 18 Agosti

Mwanangu,

Baba yako anakusalimu na anasema goti limepona kwa kicheko. Utaelewa.

Niliibeba mwenyewe. Pale gazetini kijana wa mapokezi akaniambia, "Mama, hapa hatutengenezi maikrowevu." Nikamwambia, "Sijaileta itengenezwe. Nimeileta ihojiwe." Mhariri alipoelewa ni maikrowevu ipi, alifunga mlango na kuagiza chai. Wifi yako akaja na wateja wake, kila mmoja na taulo lake la kusimulia. Alisita kidogo, maana ni kaka yake. Nikamwambia kaka yake kamsingizia mkewe mbele ya dunia, akasema, "Basi andikeni, na jina la saluni msikosee."

Picha ikatoka ukurasa wa mbele. Imetoka vizuri, inang'aa.

Siku ile ile Mkurugenzi akawekwa redioni. Nilisimamisha cherehani zote nimsikie vizuri. Kwanza akasema labda palikuwa na maikrowevu ya pili. Mtangazaji akamuuliza, "Ya pili iko wapi, tuione?" Akasema suala hilo linashughulikiwa. Mtangazaji akasema, "Mheshimiwa, kama si bibi harusi, ni nani anayepiga?" Hapo, mwanangu, ndipo ulipopasubiri. Alikohoa. Akaomba maji. Redio ikanyamaza, ukimya mtamu kuliko muziki wowote, na wateja wangu wote wakatazamana. Nilikukumbuka. Wewe hukuwepo kumtazama, lakini nakuapia niliusikia ule mwiba.

Kesho yake wasikilizaji wa anga wa nchi nyingine wakataka kuambiwa mahali na masafa, la sivyo waseme hadharani kwamba kituo chenu kinaficha. Wakaambiwa. Wakageuza madishi yao, nao wakasikia. Sasa hata muuza vifungo mwenzangu anakuonyesha kwa kidole upande gani wa mbingu. Lisemwalo lipo.

Jina la mumeo nalo limeandikwa. Sikulizuia. Sikuweza, na sikutaka. Sasa niambie, nyumba iko salama?

Shangazi yako, mwenye mikono inayouma.


Kituoni, 30 Septemba

Shangazi yangu kipenzi,

Salamu zako zimefika, na busu naituma kwa mikono hiyo inayouma. Siku hizi barua hazifunguliwi. Andika utakacho, hata habari za kiuno.

Mkurugenzi ameondoka. Gari lililokuja kumchukua lilikuwa la petroli, likazuiwa getini kwa sheria yake mwenyewe, kwa hiyo alitoka kituoni kwa lori la maji, amekaa kati ya dereva na utingo na mkoba magotini. Mimi nilisimama mlangoni nimevaa nguo nzuri. Nilimpungia mkono tu, polepole, mpaka vumbi likatulia. Nilikuwa nimeamka mapema kupiga pasi.

Wanawake wa bombani sasa wananiita dada. Yule aliyenimwagia maji aliniletea ndoo yangu mpaka mlangoni. Niliipokea, nikaikagua kama imejaa, nikamwambia, "Asante, weka pale." Sijamwambia yameisha. Hayajaisha.

Mume wangu hawakumfukuza, maana hakuna anayeujua mlio kama yeye. Amepewa karipio, na kila mgeni anayefika kutoka nje anaonyeshwa: "Ndiye huyu, wa maikrowevu." Anainamisha kichwa. Mimi nampikia, namfulia, nampigia pasi kola vizuri kabisa. Tunalala kitanda kimoja kama barua mbili kwenye bahasha moja, kila moja na anwani yake. Ameniomba msamaha kwa maneno mazuri, jikoni, barazani, mpaka na machozi. Nikamwambia nimesikia. Na kweli nimesikia.

Halafu juzi, mchana, wanawake wote wakiwa nje wanaanika nguo, aliingia mbio. Alikuwa bado na alama za vifaa vya kusikilizia juu ya masikio. Akafunga mlango nyuma yake. Akanishika mabega, anahema, macho yale ya siku ile ya kwanza. Shangazi, moyo wangu, huu mjinga, uliruka.

Akaninong'oneza, "Imebadilika. Miezi yote ilikuwa inapiga hivyo hivyo. Leo imenyamaza, kisha imeanza kwa mpigo mwingine kabisa, kama mtu aliyemaliza sentensi akaanza nyingine. Hajui mtu. Sijamwambia hata mkuu mpya. Nimetaka uwe wa kwanza. Wewe peke yako."

Nilimtazama. Alikuwa mzuri sana. Nikaenda dirishani, nikavuta pazia, nikafungua vioo vyote viwili mpaka mwisho.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Sema kwa sauti."

"Mke wangu, bado hatujathibitisha..."

"Sema."

Alikuja, akashika kizingiti cha dirisha kwa mikono yote miwili. Akasema. Sauti ilimkwama katikati, akaanza tena. Mmoja wa wanawake akaangusha shuka lililolowa, hakuliokota. Wa mbali akapaza sauti, "Nini? Rudia, huku hatujasikia!"

Akanigeukia, uso umeiva, kama anaomba ruhusa ya kuacha. Nikamwonyesha dirisha.

Akarudia. Wakatoka wengine milangoni, na wao wakataka wasikie, na mimi nikamwacha arudie mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka sauti ikapasuka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono wangu mgongoni mwake, na sikuutoa.

Mwanao.